Uzi: Mitihani ya uhandisi irudi ana kwa ana, lakini irudi karakanani

FundiMkomani (mwanzisha uzi)

Assalaam aleikum ndugu zangu. Nafundisha uhandisi wa umeme, ngazi ya ufundi, katika chuo kimoja hapa kaunti ya Lamu. Kuanzia muhula ujao idara yetu inaachana na mitihani ya mtandaoni na kurudi kwenye mitihani ya ana kwa ana. Jambo hili nililiunga mkono kikaoni na bado naliunga mkono. Kinachonisumbua ni namna linavyotaka kufanywa, na naomba mawazo yenu kabla ratiba haijabandikwa.

Mtandaoni hatukwenda kwa kupenda. Machi 13, 2020 Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona, na siku mbili baadaye shule na vyuo vikaamriwa kufungwa. Tukafundisha kwa simu na kutahini kwa simu. Ilikuwa dharura, na walioibeba kazi wakati ule wanastahili shukrani. Lakini korona ilipungua, karakana zikafunguliwa, na alama zikaendelea kutoka kwenye simu, kwa sababu ni nafuu: hakuna karatasi za kuchapisha, hakuna msimamizi wa kulipwa, hakuna kifaa cha kuungua. Halafu Novemba 2022 ikaja ChatGPT. Leo swali lolote la nadharia nitakalopakia, mwanafunzi analinakili, analibandika, na jibu linarudi limepangika na hesabu zake zote. Nikisahihisha, sijui namsahihisha nani.

Wengi wanadhani shida ni wizi wa mtihani tu. Kwangu mimi hata kama hakuna anayeiba, bado kuna vitu ambavyo simu haiwezi kupima. Chukueni zoezi la mwanzo kabisa la kufunga waya: taa moja, swichi moja. Mwanafunzi anafunga, anarekodi video, anatuma. Taa inawaka, taa inazimika, alama zote. Sasa, kama swichi ameifunga kwenye nyutro (waya wa kurudisha umeme) badala ya laivu (waya unaouleta), video itaonyesha vilevile: taa inawaka, taa inazimika. Tofauti ni kwamba taa ikishazimwa, holda bado ina volti 240. Atakayepanda ngazi kubadilisha balbu akiamini swichi imezimwa ndiye atakayelipata hilo kosa, kwa mkono wake. Kamera hailioni. Testa inaliona papo hapo, na mwalimu aliye pembeni akisema tu "zima, sasa pima kwenye holda," kila kitu kinajulikana.

Na huku kwetu kuna makuti na boriti. Muunganisho uliolegea unapata joto, na nyumba moja ikishika, mtaa mzima uko hatarini. Sitaki kumpa kijana cheti kwa video.

Sasa ratiba inayopendekezwa: wanafunzi wakae ukumbini, saa mbili, karatasi yenye maswali yaleyale tuliyokuwa tukipakia. Kwa maoni yangu hapo tumebadilisha kiti tu. Karatasi ibaki kwa hesabu, sawa, lakini uzito wa alama uwe karakanani. Nimependekeza tuwe na mbao za mazoezi zilizofungwa waya tayari, kila ubao una hitilafu iliyofichwa: huu nyutro imelegea, huu athi, yaani waya wa usalama wa kwenda ardhini, haikufika kwenye soketi, huu swichi iko upande usiofaa. Mwanafunzi anapewa testa, multimita na robo saa. Anatafuta, anarekebisha, kisha anaulizwa kwa nini amefanya alivyofanya.

Nimeambiwa ni ghali na inachukua muda. Semeni.

ZegeMalindi

Waaleikum salaam mwalimu. Mimi ni wa ujenzi, niko saiti Malindi, na napokea vijana wa mafunzo kazini kila mwaka. Umesema la umeme, niongeze la zege.

Kipimo cha kwanza kabisa saiti ni kile cha koni. Koni ya chuma, kimo milimita 300, upana wa chini milimita 200, wa juu milimita 100. Unaijaza kwa tabaka 3, kila tabaka unalishindilia mara 25 kwa fimbo ya chuma, unasawazisha juu, unainua koni wima taratibu, kisha unapima zege limeshuka kiasi gani. Kijana mmoja alinijia na alama nzuri sana za kipimo hiki, alizozipata kwa video. Nikampa koni. Akainua kwa kuikokota upande, zege likakatika na kuporomoka upande mmoja, naye akachukua rula akapima na kuandika. Ukweli ni kwamba zege likikatika hivyo kipimo kile hakihesabiki, unarudia. Hakuwa na habari.

Nilipomuuliza, akaniambia kwa uaminifu kabisa kwamba chuoni walirekodi mara kadhaa wakatuma ile iliyotoka vizuri. Hakudanganya mtu. Maelekezo yalisema tuma video ya kipimo sahihi, akatuma. Lakini mimi saiti sihitaji kuona mara iliyotoka vizuri. Nahitaji kuona anafanya nini pale mambo yanapoharibika, kwa sababu gari la zege limeshafika, watu wanangoja, na mwenye kandarasi anapiga kelele amwage.

Tunakumbuka jengo la Huruma, Nairobi, Aprili 2016, ghorofa zilivyoanguka usiku wa mvua na kuua makumi ya watu. Sisemi chanzo chake ni mitihani ya mtandaoni, haikuwepo wakati huo. Nasema kazi hii hairuhusu mtu kupitishwa kwa picha.

BintiFaza

Mwalimu, shikamoo. Nasoma umeme, mwaka wa pili, kwetu Faza. Naomba nisikilizwe na sisi wa visiwani.

Mtihani wa mtandaoni ndio ulioniwezesha kufika mwaka wa pili. Nina mtoto mchanga. Kuja Lamu mjini ni nauli ya boti kwenda na kurudi, ni mahali pa kulala, ni mtu wa kunishikia mtoto. Na mitihani ikipangwa Julai, ni kusi. Kusi likivuma, bahari inachafuka na nahodha anaahirisha, na hapo hakuna wa kumlaumu. Mwenzangu wa Kizingitini aliwahi kukosa mtihani kwa sababu hiyo akaandikiwa sifuri. Akapeleka malalamiko, akaulizwa barua ya daktari iko wapi.

Lakini pia sitaki mtu adhani mtandaoni kulikuwa raha. Umeme ukikatika katikati, mtihani unajifunga. Bando linaisha. Ile programu ya kusimamia inataka kamera ikuone wewe peke yako muda wote, na nyumba zetu hazina chumba cha peke yako. Mama alipita nyuma yangu amebeba ndoo, nikaandikiwa tuhuma za udanganyifu. Nilijieleza mpaka nikachoka.

Kwa hiyo mimi ile mbao ya hitilafu naitaka. Nina hakika ningeipata. Ila mnihakikishie nitafika.

FundiMkomani

Marahaba binti yangu, na pole kwa hilo la tuhuma. Umenigusa mahali ambapo kikaoni hapakutajwa hata mara moja.

Hili la kusi nalibeba. Kusi linajulikana tangu enzi za mababu, halishtukizi mtu. Mtihani wa vitendo kwa wanafunzi wa Faza, Kizingitini na Kiunga upangwe bahari ikiwa imetulia, na pakiwa na dhoruba ahirisho liwe la haki, bila barua ya daktari. La pili, mbao hizi zinabebeka. Ubao wa taa mbili na soketi unabebwa na mtu mmoja. Basi kwa nini wanafunzi wavuke wote kuja kwetu, wakati watahini wawili na mbao chache wanaweza kuingia boti moja wakaja kwenu? Shule yenye darasa moja la kufungia mlango inatosha. Ana kwa ana maana yake ni mimi na wewe na kazi mahali pamoja. Haisemi mahali hapo lazima pawe mjini.

MzaziWaHindi

Naunga mkono hoja ya boti. Na sisi wa bara tukumbukwe pia, Witu na Mkunumbi. Barabara ya Garsen sasa ni lami, lakini kuna siku magari yanangoja msafara wa askari na mtu anafika saa sita badala ya saa mbili. Mtihani usianze asubuhi mapema kwa mtoto anayetoka nje ya mji.

KodiYaPwani

Nipinge kidogo. Niko Malindi, naandika programu za mitambo, kazi yangu ni vidhibiti vya pampu na injini. Kazini natumia akili unde kila siku, na bosi wangu anataka niitumie. Mkimfungia mwanafunzi kwenye karakana bila kompyuta, mnampima kwa kazi ya zamani ambayo hataikuta.

Na msiseme kompyuta ndiyo mbaya. Mtihani wa kwanza kwenye njia ya leseni ya uhandisi Marekani, ule wa FE unaoendeshwa na NCEES, baraza la mitihani ya wahandisi huko, uliacha karatasi 2014 na sasa wote unafanywa kwenye kompyuta, maswali 110.

ZegeMalindi

@KodiYaPwani ndugu yangu, mfano wako ni mzuri lakini umeishia nusu. FE uko kwenye kompyuta, ndiyo, ila mtu anakwenda kituoni kuufanya. Kompyuta ni ya kituo, kitabu cha rejea kiko kwenye skrini ileile, na hata kikokotoo unachoingia nacho lazima kiwe cha aina zilizoidhinishwa. Hakuna anayeufanyia kitandani. Kwa hiyo wao waligawanya mambo mawili ambayo sisi tumeyachanganya: kutumia kompyuta ni jambo moja, kuwa mbali na mtahini ni jambo jingine.

FundiMkomani

@KodiYaPwani hoja yako ya akili unde naikubali, na nadhani ina njia. Mradi aufanyie nyumbani, atumie ChatGPT, atumie kaka yake, atumie chochote. Aje nao siku ya mtihani. Kisha mbele yangu nimwambie: pampu yako inasimama sekunde 5 baada ya tangi kujaa, ibadilishe isimame baada ya 10, halafu nionyeshe itafanya nini kihisio kikikatika. Aliyeuelewa mradi wake atajua aguse wapi. Aliyeubandika ataanza kuusoma upya kama barua ya mtu mwingine. Simkatazi kutumia mashine. Nataka tu kujua kama yupo mtu nyuma ya mashine.

KodiYaPwani

Hapo nimekuelewa mwalimu. Kwa vidhibiti inawezekana kabisa. Ningeongeza kwamba badiliko unalomtaka afanye lisijulikane mapema, na lisifanane kwa wote, maana wa kwanza akitoka nje kundi la WhatsApp linajua kila kitu.

MwlBenchi

Nimesoma kimya, sasa niseme. Nafundisha mitambo katika chuo kingine upande wa Malindi, na mtindo huu wa kumhoji mwanafunzi kwenye benchi tumeujaribu. Ni mzuri na ni mzito. Hesabu rahisi: wanafunzi 40, robo saa kila mmoja, ni dakika 600, yaani saa 10 za kukaa benchini bila kunywa chai. Hakuna binadamu anayemtendea haki mwanafunzi wa arobaini kama alivyomtendea wa kwanza. Gawanyeni siku mbili, benchi mbili, watahini wapokezane.

Mfumo wenyewe hautuzuii. CBET, yaani mtaala wetu wa vyuo vya ufundi, inayosimamiwa na TVET CDACC, taasisi ya serikali ya mitaala na mitihani ya vyuo hivyo, imejengwa juu ya umahiri: mtu ameweza au bado hajaweza, na ushahidi ni pamoja na kazi ya mikono na maelezo ya mdomo. Tunaobanwa ni sisi kwa vifaa na muda, siyo kwa sheria.

Ila kuna jambo linalonitia hofu zaidi ya muda, na naomba tulizungumze bila kuoneana haya. Karatasi ina nambari, haina sura. Benchini mtahini anamwona mtahiniwa, anamjua babake, na Lamu ni mji ambao kila mtu ni jamaa ya mtu. Mjomba akimtahini mpwa, hata akitenda haki, nani ataamini? Na kuna upande wa pili: mwanafunzi wa kike anayeona haya kusema mbele ya wanaume watatu, au kijana aliyegombana na mwalimu muhula uliopita. Mtandaoni hakuna aliyejua sura yao, na hiyo ilikuwa kinga.

Sisi tulichofanya ni hivi. Fomu ya alama iliandikwa kabla, ikisema nini hasa kinaangaliwa: amezima umeme kabla ya kugusa, amethibitisha kwa kupima, amelipata kosa, amelieleza. Watahini wawili, kila mmoja anaandika alama zake bila kuonyeshana, na zikipishana sana anaitwa wa tatu. Sauti inarekodiwa ili mwenye malalamiko awe na pa kushika. Na mmoja wa watahini anatoka chuo kingine. Nyinyi wa Lamu njooni kwetu Malindi, sisi tuje kwenu.

La mwisho ni lugha. Tulikuwa na kijana Mbajuni, mikono yake ni ya dhahabu, alitengeneza pampu ya mashua mbele yetu kama mchezo. Tukamuuliza kwa Kiingereza kwa nini alibadilisha sili, kile kizibo cha kuzuia maji yasivuje, akanyamaza. Mwenzangu akataka kumwandikia "hajui". Nikamuuliza tena kwa Kiswahili, akaeleza mpaka na jambo ambalo sikuwa nimelifikiria: kwamba maji ya chumvi yalishakula chuma pale sili inapokaa, kwa hiyo sili mpya peke yake ingevuja baada ya wiki chache. Tangu siku hiyo, kwenye fomu yetu kuna mstari unaosema mwanafunzi ajibu kwa lugha anayoiweza, na majina ya vifaa ayataje kama yanavyotajwa karakanani. Wekeni mstari huo. Msipouweka, mtihani wenu wa ana kwa ana utapima Kiingereza.

BintiFaza

Mwalimu wa Malindi, Mungu akuweke. Hilo la lugha na hilo la kuona haya, sikuwa na namna ya kuyasema.

MzeeWaMitambo

Vijana, mimi nimestaafu, nilifanya kazi ya vyuma na madaraja. Kuna kisa ambacho kila mhandisi angepaswa kukijua, na kinahusu hiki mnachojadili. Daraja la Quebec, Kanada, lilianguka Agosti 29, 1907 likiwa bado linajengwa, likaua wafanyakazi 75. Mhandisi mshauri, Theodore Cooper, mtu mwenye jina kubwa wakati ule, alikuwa New York. Kazi aliisimamia kwa barua na ripoti. Mhandisi wake kijana pale saiti, Norman McLure, aliona mihimili ya chini imeanza kupinda, akasafiri hadi New York kumweleza ana kwa ana. Cooper alielewa mara moja akapeleka telegramu kwamba uzito usiongezwe. Lakini aliipeleka kwenye kampuni ya chuma kule Pennsylvania, na kabla agizo halijafika darajani, daraja likawa limekwisha anguka jioni hiyohiyo.

Mpindo ule ulikuwa umeshaandikwa kwenye ripoti, umepimwa, una tarakimu. Kwa siku kadhaa watu waliokuwa mbali walibishana kwa maandishi kama vyuma vilipinda juzi au vilikuja vimepinda kutoka kiwandani. Aliyekuwa amesimama mbele yake ndiye aliyepanda treni. Mfundisheni mwanafunzi kusimama mbele ya kitu na kukitilia shaka, na mumtahini kwa hilo. Pale Matondoni mafundi wa majahazi hawajawahi kumpima mwanagenzi kwa maneno: anapewa tezo na ubao, fundi anapitisha kidole kwenye kiungo.

FundiMkomani

Mzee wetu, shukrani. Kisa hicho nitakisoma kikaoni.

Nimekusanya niliyoyapata kwenu na nayapeleka kwa mkuu wa idara. Karatasi ya ukumbini ibaki ndogo, ya hesabu na michoro. Mradi ufanyiwe nyumbani kwa uhuru wote, na utetewe benchini kwa badiliko ambalo mwanafunzi halijui kabla. Mbao za hitilafu kwa kila anayeomba cheti cha umeme, na aliyekosa hatua ya usalama, yaani amegusa kabla ya kupima, asiandikiwe alama pungufu tu. Arudi mazoezini na apewe nafasi nyingine. Fomu ya alama ya @MwlBenchi pamoja na mstari wa lugha. Mtahini mmoja kutoka nje. Na watahini wavuke kwenda visiwani, tarehe zikiangalia bahari.

Kuna moja ambalo najua litapingwa, nalo ni fedha za mbao. Nimeangalia stoo: soketi na swichi kuukuu zipo, waya wa mabaki upo, mbao tunapata kwa maseremala wa hapa mjini. Wanafunzi wa mwaka wa tatu wazitengeneze kama sehemu ya kazi yao, hitilafu niweke mimi. Kwa zege ndipo sina kitu. Idara ya ujenzi ina koni moja, nayo imepinda mdomo.

MwlBenchi

Fomu nakutumia inboksi leo. Tarehe za kubadilishana watahini tuziweke kabla ya Ramadhani, baada ya hapo mtahini hatasimama saa tano benchini akiwa na swaumu.

ZegeMalindi

Koni iliyopinda mdomo isitumike, tabaka la juu halitakaa sawa na kipimo chote kinaharibika. Nina mbili hapa za ziada. Na ukipenda, mwenzako wa ujenzi awawekee wanafunzi ndoo mbili za mchanga, mmoja wa mto Sabaki, mwingine wa ufuoni, awaulize upi waingize kwenye zege la nondo na kwa nini. Asiyejua kwamba chumvi huozesha nondo asipewe mwiko. Mchanga wa Sabaki nitaweka gunia moja kwenye basi pamoja na koni. Mokowe anapokea nani?

FundiMkomani

Nitapokea mwenyewe, nipe tu namba ya gari. Na fimbo ya kushindilia uifunge pamoja na koni, yetu ilipotea.